Kuufundisha Uvimbe Kupiga Nduru

Gugumaji likifunga ghuba, kila mtu huliona.
Wachuuzi wa samaki hutukana, mashine huletwa,
gazeti hupiga picha.

Uvimbe si gugu.
Uvimbe ni mpangaji aliyelipa kodi miezi sita mbele,
anayesalimu ngazini, anayefagia kibaraza,
na usiku, polepole,
anabomoa ukuta wa kati.

Chembe nyeupe za damu hupita mlangoni pake
kama umati wa Jumapili uendao Kibuye:
huyu anawazia omena, yule viatu vya mtumba.
Hakuna anayegeuza shingo.
Hawakuitwa.

Ndiyo kazi yetu huku, kando ya barabara ya Busia,
katika chumba chenye friji tatu na jenereta yenye kikohozi:
kuupa uvimbe koo.
Tunachukua jeni moja, neno moja tu la mwili,
tunalipakia ndani ya kirusi tulichoking'oa meno,
tunalidunga kwenye kinundu, ubavuni mwa panya.
Na kinundu, bila kujua, kinaanza kumwaga kemokini,
kinajichongea chenyewe:
niko hapa, niko hapa, niko hapa.

Mmbone, wa Chavakali, asiyependa maneno makubwa,
anaiita mbiu.
Mimi naiita nduru, kwa sababu nililelewa Ahero.
Usiku ng'ombe wa Nyangweso walipoibwa
nyanyangu alitoka na leso moja, akaweka kiganja mdomoni,
na sauti haijavuka mfereji wa mpunga
tochi zilikuwa zinakuja,
hata ya yule jirani
ambaye hawakusemezana tangu mambo ya mpaka wa shamba.

Lakini nimeiona pia nduru ya Nyalenda.
Kijana aliitwa mwizi kwa sababu alikimbia.
Alikimbia kwa sababu mvua ilikuwa inaanza.
Asubuhi palibaki kiatu kimoja
na duara jeusi la tairi.

Kwa hiyo napima dozi mara tatu.
Mwili nao una umati wake.
Panya wa saba tulimzidishia:
chembe zilikuja, zikaumaliza uvimbe,
zikaona ini, zikaendelea.
Nilimwandika daftarini kwa wino uleule wa wengine
nikaenda kunawa mikono, nikakaa sana pale bombani.

Leo ni zamu ya panya wa kumi na nne.
Kioo kimepakwa rangi. Natumia jicho la kushoto,
la kulia limechoka.
Wiki jana ukingo wa uvimbe ulikuwa mtupu
kama uwanja wa shule mwezi Agosti.
Sasa ni zambarau, zambarau,
nukta zimebanana ukingoni, zimepenya ndani,
zimejaa vichochoro ambavyo mwenye nyumba
hakudhani vina njia.
Nahesabu hadi mia nne na kumi na mbili,
napotea,
naanza tena moja, na sikasiriki.

"Usishangilie," asema Mmbone. "Ni panya."
Lakini ameleta chai, na ametia sukari.

Jioni napitia wodi ya watoto.
Odundo, mtoto wa dada yangu, ana miaka sita
na taya lililojaa upande mmoja kama anaficha embe.
Dripu inadondoka. Dada haniulizi lini;
aliuliza mwezi uliopita, nikamtajia kamati,
nikamtaja tena panya, kisha nyani, kisha miaka,
akaanza kukunja shuka ambalo lilikuwa limekunjwa.

Ni Odundo anayeuliza.
Anataka kujua uvimbe wa panya unalia kwa lugha gani,
Kijaluo au Kiswahili.
Namwambia haulii kwa mdomo. Unalia kwa kitu kama harufu,
na walinzi wa damu wanaifuata
hadi inapokuwa kali zaidi.

Anafikiri.
Anavuta kiganja changu hadi puani, ananusa sana,
macho amefumba.

"Sabuni tu," anasema,
na anageukia ukutani alale.